Ada Hudaiwa Januari, Pamba Huuzwa Juni

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Januari, mambo mawili hukutana mlangoni pa mkulima wa Migato, katika wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu, na mambo hayo hayapatani. La kwanza ni shamba. Pamba iliyopandwa Novemba na Desemba imekwisha chipua. Yataka palizi, yataka dawa ya wadudu, na ghala la chakula limeanza kuonyesha sakafu yake, hata nyumba nyingi zimerudi kwenye michembe. La pili ni karatasi ya shule. Mtoto amefaulu, amepata nafasi katika shule ya watu binafsi yenye bweni, na karatasi yasema kwamba ada ilipwe kabla ya siku fulani, tena aje na godoro, shuka, chandarua, ndoo, sare jozi mbili na rimu ya karatasi.

Ada hudaiwa Januari. Pamba huanza kununuliwa Mei, na fedha humfikia mkulima Juni au Julai, wakati mwingine baadaye zaidi. Kati ya barua ile na fedha hii pana miezi mitano au sita, na ndani ya miezi hiyo ndimo wanamopotelea watoto wengi wenye akili, ambao wazazi wao si wavivu wala si wajinga, bali hupata fedha mara moja tu kwa mwaka, na mara hiyo si ile ambayo shule huwadai.

Ndugu msomaji, leo twataka kuzungumza juu ya ufadhili wa masomo kwa watoto wa namna hii. Twasema tangu mwanzo jambo ambalo tutalithibitisha mbele: ufadhili si sadaka, ni ahadi. Sadaka ikitolewa leo na kesho isitolewe, hakuna aliyedhulumiwa. Lakini ahadi ikivunjwa katikati ya njia, aliyeahidiwa huachwa mahali pabaya kuliko pale alipochukuliwa.

HESABU YA MKULIMA

Kwanza tuipige hesabu, maana maneno bila hesabu hayamlipii mtoto ada. Tumfikirie mzee mmoja wa Migato mwenye ekari tatu za pamba. Ekari moja ya mkulima mdogo, mvua ikiwa ya wastani, aghalabu hutoa kilo 200 mpaka 300. Tumpe kilo 250 kwa kila ekari. Zote pamoja zitakuwa kilo 750. Katika msimu wa 2022 bei dira ya pamba ilifika shilingi 1,560 kwa kilo, na mzee wetu angepata shilingi 1,170,000. Msimu uliofuata, wa 2023, bei dira ikashuka hata shilingi 1,060. Shamba lile lile, jasho lile lile, kilo zile zile, na mzee angepata shilingi 795,000. Shilingi 375,000 zimetoweka, wala si mzee aliyezipoteza, bali soko la dunia ambalo yeye hajapata kuliona.

Katika fedha hizo mzee atoe gharama za mbegu na dawa, alipe madeni ya vibarua, anunue mahindi ya miezi ya njaa, awavike watoto, atibu wagonjwa. Tuseme shule ile ya bweni yataka shilingi milioni mbili kwa mwaka, na zipo zitakazo zaidi. Hata angefunga na kulala njaa mwaka mzima, pamba yake yote haiwezi kumlipia mtoto mmoja. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba wazazi wa vijijini hawajali elimu, na aje kwanza aipige hesabu hii mbele yao.

SERIKALI IMEFANYA NINI?

Haki na isemwe. Nchi yetu haikukaa kitako mbele ya jambo hili. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, wanafunzi wote wa sekondari katika Tanganyika nzima hawakutimia 12,000, na shule nyingi zilikuwa za misheni, ambako mtoto asiye na ada alisoma kwa huruma ya padre au kwa msaada wa serikali ya mtemi. Ada ya sekondari ikaondolewa mwaka 1964, na ya shule za msingi mwaka 1973. Mwaka 1969 Sheria ya Elimu ikaziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya mkono wa Serikali, ili mtoto asichaguliwe kwa dini yake wala kwa fedha za baba yake. Kisha ikaja miaka migumu ya 1980 na kuendelea, na ada zikarudi. Mwaka 2001 ada ya shule ya msingi ikaondolewa tena. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, sekondari ya kidato cha kwanza mpaka cha nne haina ada katika shule za Serikali, ambako kabla ya hapo mwanafunzi wa kutwa alilipa shilingi 20,000 na wa bweni shilingi 70,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikaingizwa katika msamaha huo.

Hiyo ni kazi kubwa, na asiyeiona ni mtu asiyetaka kuona. Walakini mlango ukifunguliwa kwa wote, watu huwa wengi ndani ya nyumba. Madarasa yamejaa, walimu wa sayansi na hesabu hawatoshi, na shule ya kata yaweza kuwa mbali na kitongoji cha mtoto. Kwa mtoto wa kike umbali huo si safari tu. Ama atembee alfajiri katika pori peke yake, ama apange chumba karibu na shule na ajipikie mwenyewe akiwa na umri wa miaka kumi na minne. Ndiyo maana mzazi maskini wa Migato, ambaye hana haja ya fahari, hutamani shule yenye bweni, lango na mlezi. Hatafuti Kiingereza cha puani. Atafuta usalama wa mwanawe na mwalimu aliyeko darasani.

JE, NI HAKI MASKINI KWENDA SHULE YA MATAJIRI?

Wapo wenzetu watakaouliza: kwa nini tuhangaike kuwapeleka watoto wa maskini katika shule za watu binafsi? Si afadhali nguvu zote ziende katika shule ya kata, ambayo ni yetu sote?

Swali hili ni zuri, nasi hatutalikwepa. Shule ya kata ndiyo shule ya watoto walio wengi. Hata tungepata wafadhili mara kumi ya tulio nao, watoto wengi wa Migato wangeendelea kusoma katika shule ya kata, na kiongozi anayeinyima shule hiyo dawati kwa sababu watoto wawili wamepata ufadhili Mwanza ni kiongozi aliyepotea njia. Ufadhili usiwe kisingizio cha kuisahau shule ya wote.

Lakini shule za watu binafsi zipo, sheria yazitambua, na kila mwaka hutoa madaktari, mahakimu na wahandisi. Zikibaki kuwa za wenye fedha tu, basi baada ya miaka ishirini tutakuwa na nchi ambamo daktari ni mtoto wa daktari na mpalilia pamba ni mtoto wa mpalilia pamba. Hayo siyo waliyoyapigania wazee wetu. Wazazi wa miaka ya 1950, waliojikusanya katika TAPA na kujenga shule za udongo na nyasi kwa michango yao, hawakujenga ili baadhi ya watoto wachungulie dirishani. Kama mlango upo, usiwe mlango wa tabaka moja.

Tena tukumbuke historia ya mikoa yetu. Kilimanjaro na Kagera, nchi za kahawa, wazazi, makanisa na vyama vya ushirika walijenga shule nyingi za sekondari nje ya zile za Serikali. Nchi ya pamba haikwenda kwa mwendo huo, ingawa chama kikuu cha ushirika wa pamba, Victoria Federation of Co-operative Unions, kilichoanzishwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Pamba ya Simiyu ni zaidi ya nusu ya pamba ya nchi nzima. Si haki kwamba mkoa unaoivisha nchi uwe nyuma katika kuwavisha watoto wake elimu.

UBAYA WA FADHILA YA NUSU

Sasa tuje kwenye kiini. Zipo fadhila zinazosaidia na zipo zinazoumiza, na tofauti yake si ukubwa wa moyo wa mtoaji.

Mwandishi wa makala haya alisoma katika shule ya misheni katika miaka ya 1990. Darasani mwetu alikuwamo kijana mmoja, mtoto wa mkulima, aliyekuwa akitushinda sote kwa hesabu. Alilipiwa na mama mmoja wa ng'ambo, ambaye hatukupata kumwona ila katika picha ndogo aliyoihifadhi ndani ya kitabu chake cha sala. Tulipokuwa kidato cha tatu yule mama akafariki. Hapakuwa na mtu wa pili katika ahadi ile, wala mfuko nyuma yake. Muhula mmoja shule ilivumilia. Muhula wa pili ikamwita ofisini. Tulimsaidia kubeba sanduku lake mpaka barabarani. Hakuwa na kosa lolote.

Watu husema, "Bora alipata miaka mitatu." Sivyo. Baba yake alikuwa amekwisha uza maksai wawili ili anunue vitu ambavyo ufadhili haukuvilipia. Wenzake aliowaacha kijijini walikuwa wamekwisha pata mashamba na mifugo. Yeye alirudi bila cheti, bila ng'ombe, na kwa aibu isiyokuwa yake. Shule ya Serikali ambayo angemalizia masomo ilikuwa imekwisha mhesabu kuwa hayupo. Ndiyo maana tumesema kwamba ufadhili ni ahadi. Mama yule alikuwa mwema. Ahadi ndiyo iliyokuwa mbovu, kwa kuwa ilisimama juu ya uhai wa mtu mmoja.

Namna nyingine ya fadhila ya nusu ni ile inayolipa ada na kuacha mengine. Mfadhili hufurahi kwamba amemsomesha mtoto, kumbe nauli ya kutoka Migato mpaka shuleni mara sita kwa mwaka, na sare, na godoro, na fedha za mitihani, zimebaki mgongoni mwa mzee yule wa ekari tatu. Mtoto hufika lango la shule akiwa na barua ya ufadhili mkononi, akarudishwa kwa kukosa godoro. Na nyumba ikiwa na watoto wawili wenye mahitaji ya namna hiyo, twajua ni yupi huambiwa asubiri. Ni msichana. Akisubiri mwaka mmoja, watu huanza kuzungumza juu ya ng'ombe za mahari. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na sasa mtu anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba aweza kufungwa miaka thelathini. Sheria hiyo ni ngao nzuri, lakini humlinda mwanafunzi. Binti aliyerudi nyumbani kwa kukosa godoro ameanza kutoka nyuma ya ngao.

Hata Serikali zaweza kutoa fadhila ya nusu. Jirani zetu wa Uganda walipoanza elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007, waliona kwamba shule za Serikali hazitoshi, wakafanya mapatano na shule za watu binafsi na kuzilipa shilingi 47,000 za Uganda kwa kila mwanafunzi kwa kila muhula. Wazo lilikuwa jema na watoto wengi wa vijijini waliingia. Lakini kiasi kile hakikuzitosha shule, nyingine zikadai malipo ya pembeni kwa wazazi, na tangu mwaka 2018 mpango ukaanza kuondolewa. Funzo ni wazi: fedha isiyotosha haiondoi mzigo, huubadilisha jina tu.

MIFANO ILIYO MIZURI

Walakini tusikae katika kulalamika. Ipo mifano mizuri, mmoja ukiwa hapa hapa nchini.

Mwaka 2002, huko Moshono karibu na mji wa Arusha, ilifunguliwa shule iitwayo St Jude, mwanzilishi wake akiwa Gemma Sisia, mwalimu kutoka Australia. Ilianza na wanafunzi watatu. Leo wapo wapatao 1,800, nao hawalipi ada, ingawa shule ni ya binafsi. Fedha hutoka kwa wafadhili wengi, wengi wao wa Australia, kila mmoja akitoa sehemu yake. Jambo la kulitazama zaidi ni namna ya kuchagua. Mtoto hufanya mtihani, ndiyo. Lakini mtihani hautoshi. Watu wa shule huenda mpaka nyumbani kwake, wakatazama wanaishije, ili nafasi ya maskini isichukuliwe na mtoto wa mtu mwenye uwezo aliyevaa kandambili kwa siku moja. Na wahitimu wa kidato cha sita hupewa nafasi ya kutumikia mwaka mmoja, wengi wao wakifundisha katika shule za Serikali zilizopungukiwa na walimu. Hapo shule ya binafsi yarudisha kitu kwa shule ya wote.

Nchini Kenya kuna Starehe, iliyoanza Nairobi mwaka 1959 katika vibanda vya mabati kwa juhudi za Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, kwa ajili ya vijana waliokuwa wakirandaranda mitaani baada ya vita vya Mau Mau. Ikaja kuwa moja ya shule zenye sifa kubwa katika Afrika ya Mashariki, bila ya kuacha desturi ya kuwasomesha bure walio wengi miongoni mwa wanafunzi wake. Na tangu mwaka 2010 mfuko wa benki ya Equity, pamoja na wakfu wa Mastercard, umekuwa ukiwalipia watoto maskini wa sekondari kwa mpango uitwao Wings to Fly. Mpango huo haulipi karo peke yake. Hulipa sare, vitabu, nauli na hata fedha kidogo za mfukoni. Tena watoto huchaguliwa na kamati za mahali pao, zenye maofisa wa elimu, viongozi wa dini na wazee, watu wanaojua ni nani hasa anayelala na njaa.

Tukiitazama mifano hii pamoja twaona mambo manne. Ufadhili mzuri hulipa gharama yote, wala si ada tu. Husimama juu ya mfuko wa watu wengi, wala si juu ya mtu mmoja. Huchagua hadharani, kwa akili na kwa umaskini pamoja. Na humfikisha mtoto mwisho wa safari. Likikosekana hata moja, tumerudi kwenye sanduku barabarani.

KAZI YA MIGATO WENYEWE

Sasa Migato wafanye nini? Wangoje mtu kutoka Australia? Hatudhani hivyo. Lakini pia hatusemi kwamba mkulima wa ekari tatu ajibebeshe ada za shule ya bweni. Twaona kazi iwe na mikono mitatu.

Mkono wa kwanza ni wa wenye shule. Shule ya watu binafsi yenye madarasa manne na vitanda vitupu vinne haipati hasara kubwa ikivijaza vitanda hivyo kwa watoto maskini wenye akili. India, kwa sheria ya mwaka 2009, ilizitaka shule za binafsi ziweke angalau robo ya nafasi za darasa la kwanza kwa watoto wa wanyonge wa jirani, na Serikali kurudisha sehemu ya gharama. Hatusemi tuige kila kitu, maana huko nako kuna malalamiko ya malipo yanayochelewa. Twasema kwamba wamiliki wa shule katika mikoa ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza wangeweza kukaa na halmashauri na kutaja kwa hiari yao, kwa maandishi, nafasi kadhaa kila mwaka zisizo na ada, kwa miaka yote minne ya mtoto. Miongoni mwa wenye shule ni makanisa, misikiti, na Jumuiya ya Wazazi ya Chama chetu wenyewe. Hao, kwa historia yao, yawapasa wawe wa kwanza.

Mkono wa pili ni wa wanaoishi kwa pamba bila kuilima: wenye viwanda vya kuchambua, wanunuzi, wasafirishaji, na wana wa Itilima walioko mijini wenye mishahara. Tangu mwaka 2001 nchi ina sheria ya Mfuko wa Elimu, inayosimamiwa na Mamlaka ya Elimu, na watu binafsi na makampuni hukaribishwa kuchangia. Hakuna kinachozuia mfuko mdogo wa wilaya, wenye hesabu zinazobandikwa ukutani pale Lagangabilili, makao makuu ya wilaya, kila mtu azisome.

Mkono wa tatu ni wa kijiji. Kazi yake kubwa si fedha, ni haki. Mkutano mkuu wa kijiji ndio ujadili majina, mchana, watu wakiwa wameketi, si ofisini kwa mtu mmoja usiku. Na watoto wanaostahili wakizidi nafasi, afadhali kura ipigwe mbele ya wote kuliko jina kuingizwa kwa mjomba. Nchi ya Colombia, katika miaka ya 1990, iligawa hati za masomo ya sekondari kwa makumi ya maelfu ya watoto maskini, na mahali ambapo waombaji walizidi, kura iliamua. Aliyekosa kwa kura husikitika. Aliyekosa kwa upendeleo huchukia. Wasukuma tangu kale walikuwa na vikundi vya kulima pamoja chini ya nsumba ntale, na kila mtu alijua nani amelima na nani amekaa kivulini. Macho yale yale ya kijiji ndiyo yanayotakiwa hapa.

Kijiji kikitaka kuchangia fedha, na kichangie zile gharama za pembeni: godoro, sare, nauli. Lakini tuonye juu ya hesabu. Tuseme chama cha msingi cha ushirika kimekubaliana kukata shilingi kumi kwa kila kilo, na mwaka huo kimeuza kilo 500,000. Mfuko una shilingi milioni tano. Tuseme gharama hizo zote kwa mtoto mmoja ni shilingi 500,000 kwa mwaka. Watu watapiga makofi na kusema, "Tuchukue watoto kumi!" Mwaka wa pili watataka wengine kumi, maana kila mzazi ana mwanawe. Mwaka wa nne mfuko utakuwa na watoto arobaini na fedha za watoto kumi. Kijiji chenye busara kitachukua watoto wawili tu kila mwaka. Baada ya miaka minne kitakuwa na wanane shuleni, kimelipa milioni nne, na kila mwaka imebaki akiba kwa ajili ya msimu ambao mvua itakataa au bei itaanguka kama ilivyoanguka 2023. Kuchukua wachache na kuwafikisha wote ni bora kuliko kuchukua wengi na kuwamwaga njiani.

Na akiba hiyo hiyo ndiyo itakayoponya ugonjwa tuliouanza nao. Mfuko wenye fedha za Juni zilizotunzwa vizuri waweza kulipa Januari. Mkulima mmoja hawezi kuivuka miezi ile sita peke yake. Wengi pamoja waweza.

DENI LA ALIYECHAGULIWA

Neno la mwisho ni kwa mtoto mwenyewe. Mwalimu Nyerere aliwahi kuwafananisha waliosomeshwa na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, alisema, huyo ni msaliti. Yeye mwenyewe alijua alichokuwa akisema. Alisoma Tabora, akaenda Makerere, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh kwa ufadhili wa masomo. Aliporudi mwaka 1952 alifundisha Pugu, akaacha mshahara mwaka 1955 kwa ajili ya kazi ya watu waliokuwa wamebaki nyuma.

Hatutaki kumfunga mtoto wa Migato kwa kamba. Akiwa daktari Muhimbili au mwalimu Mtwara, huko nako ni kwao. Lakini kabla ya kwenda mbali, yampasa atoe mwaka mmoja, au hata likizo zake, katika shule ya kata aliyoiacha, awafundishe hesabu wale waliokuwa nyuma yake darasani na ambao kura haikuwaangukia. Hapo shule ya kata itaona faida ya ufadhili, na kijiji kitajua kwamba hakikumpoteza mtu, kimemtuma.

Mwezi wa Januari utarudi, na karatasi ya shule itafika Migato wakati pamba ingali ya kijani. Kabla haijafika, viongozi wa kata na vijiji, wenye shule, wanunuzi wa pamba na wana wa Itilima walioko mbali, yawapasa wakae pamoja na kujibu swali moja tu: mtoto wa mzee yule wa ekari tatu tukimpeleka, tutamfikisha? Kama jibu ni ndiyo, tumpeleke. Kama hatuna hakika, tukae tuhesabu tena, maana ahadi kwa mtoto haina nusu.